Kitinda mimba ndiye mwenye tarehe yako ya kuacha kazi

Mzazi anayetaka kuacha ajira akiwa na miaka 50 kwa kawaida huanza na mshahara wake. Mimi naanza na umri wa mtoto wake wa mwisho. Gharama za mtoto ni deni lenye tarehe zinazojulikana: Januari na Julai za kila mwaka kwa shule kuanzia awali, kisha miaka ya chuo. Deni la kifungua mimba hulipika ukiwa bado kazini. La kitinda mimba ndilo linalokukuta nje ya ofisi.

Tuchukue familia ya Dar es Salaam, mzazi mwenye miaka 36, watoto wa miaka 8 na 4. Nyumba inatumia Sh1.5 milioni kwa mwezi, kila kitu ndani. Watoto wote wawili wako shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ada Sh2.4 milioni kila mmoja kwa mwaka. Kosa la kwanza liko hapo hapo: ada si gharama ya shule. Weka basi la shule, chakula, sare, vitabu, masomo ya ziada, mahafali, na ile michango inayokuja kwa karatasi ndogo ndani ya begi. Kama huna kumbukumbu za mwaka mzima, ongeza asilimia 35 juu ya ada. Kwa familia hii Sh4.8 milioni inakuwa karibu Sh6.5 milioni, sawa na Sh540,000 kwa mwezi. Mtoto akienda bweni, basi linaondoka lakini tranka, godoro na nauli za likizo zinaingia.

Sasa tenganisha hizo Sh540,000 na matumizi mengine. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifanyi, na linaharibu hesabu yote. Ukichukua Sh1.5 milioni kwa mwezi, yaani Sh18 milioni kwa mwaka, ukaizidisha mara 20 ili kupata mtaji wa kuishi bila mshahara, unapata Sh360 milioni. Mtu anaiona namba hiyo, anakata tamaa, anafunga daftari. Lakini hakuna anayelipa ada milele. Matumizi yasiyo ya shule ni Sh960,000 kwa mwezi, Sh11.52 milioni kwa mwaka. Mara 20 ni Sh230 milioni. Juu yake weka mkia wa shule utakaobaki siku unaacha kazi. Ukifika 50, wa kwanza ana 22, wa mwisho ana 18 na ndiyo kwanza anaingia chuo. Sera mpya ya elimu inakusaidia kidogo hapa, kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7. Miaka 3 ya chuo kwa Sh5 milioni, pamoja na malazi na chakula, ni Sh15 milioni kwa bei za leo. Jumla Sh245 milioni badala ya Sh360 milioni. Bado ni mlima, ila ni mlima mwingine kabisa.

Kwa nini mara 20? Ile kanuni ya mtaji wa mara 25 ya matumizi ya mwaka inayozunguka mitandaoni imetoka Marekani, kwenye utafiti wa mshauri wa fedha William Bengen wa mwaka 1994 uliotumia hisa na hati fungani (mkopo unaoipa serikali kwa riba) za huko, kwa kustaafu kwa miaka 30. Hapa kwetu hati fungani za serikali za muda mrefu zinalipa riba kubwa zaidi, kwa hiyo mtaji unaweza kuwa mdogo. Lakini kuponi, yaani riba ya hati unayolipwa, haipandi na bei za sokoni. Ukila kuponi yote, baada ya miaka 15 utakuwa unapokea shilingi zile zile na kununua nusu kapu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, sehemu ya kuponi yenye ukubwa wa asilimia 4 ya mtaji lazima irudi kununua hati nyingine. Na hati ikiiva, yaani muda wake ukiisha ukarudishiwa mtaji, hujui utakuta riba gani. Ndiyo maana sishuki chini ya mara 18, hata kwa mtu mwenye roho ngumu.

Tuziache kwanza zile Sh15 milioni za chuo. Kufikisha Sh230 milioni kwa miaka 14, kwa faida halisi ya asilimia 6 baada ya mfumuko, kunataka takriban Sh915,000 kila mwezi, na kiasi hicho kiongezwe kila mwaka bei zinavyopanda. Ukiona hakiwezekani, angalia shule kabla hujaanza kukata vocha na nyama ya Jumapili. Chukua tofauti ya Sh2 milioni kwa mwaka kati ya shule mbili, kwa watoto wawili: Sh4 milioni. Ikiwekezwa miaka 11 kwa faida hiyo hiyo inafika kama Sh60 milioni, zaidi ya miaka 5 ya matumizi ya nyumba hii. Sisemi umtoe mtoto shule nzuri. Nasema unapojaza fomu ya darasa la kwanza unajaza pia fomu ya kustaafu, na wazazi wengi hawalijui hilo siku ya kusaini. Shule za serikali hazina ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022. Njia ya kati ambayo naiona inafanya kazi ni kulipia msingi, pale lugha na kusoma vinapojengwa, kisha kuhamia serikali sekondari. Kinyume chake pia kipo. Kibaya ni kupanda daraja la shule kila mshahara unapopanda.

Ada zenyewe hazikai. Zikipanda asilimia 8 kwa mwaka zinakuwa mara mbili kwa miaka 9. Mshahara unaopanda asilimia 5 utakuwa umeongezeka asilimia 55 tu. Kwa hiyo mpango uliobana leo unapasuka mtoto akiwa kidato cha kwanza.

Fedha ya ada ya mwaka huu haina kazi kwenye hati fungani. Iwekwe kila mwezi mahali inapotoka kwa siku chache za kazi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa. Januari inaharibu mipango kwa sababu inakuja baada ya Desemba, na anayetegemea mshahara wa mwezi huo huo ndiye anayeishia kukopa kwenye simu. Fedha ya chuo ni habari nyingine. Hapo nunua hati fungani za miaka 5 kwa ngazi: moja ukiwa na miaka 45, ya pili 46, ya tatu 47. Zinaiva ukiwa na 50, 51 na 52, kila mwaka wa chuo na hati yake. Unaanzia Sh1 milioni kwenye mnada wa Benki Kuu, kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa. Kuna kaujanja kadogo: kuponi hulipwa kila baada ya miezi 6 tangu hati ilipotolewa, kwa hiyo hati ya Januari au Julai hulipa katika miezi ya ada.

Usitumie hati ya miaka 25 kwa ada inayodaiwa baada ya miaka 6. Mwaka 2021 hati ya miaka 25 ilitoka na kuponi ya asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashuka hadi 12.56. Aliyenunua ya asilimia 12.56 akalazimika kuiuza wakati soko linataka riba ya asilimia 15, anapata kama Sh84 kwa kila Sh100. Hati si mbovu, muda wake ndio haulingani na deni.

Na mifuko ya pensheni, NSSF au PSSSF? Zihesabu, lakini zisikudanganye tarehe. Pensheni ya uzee inaanzia miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na inahitaji michango ya miezi 180. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, cha tangu 2022 ni 1/580, mara miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 iliyo bora. Aliyechangia miezi 288 kwa mshahara wa Sh1.5 milioni anapata kama Sh8.9 milioni kwa mwaka, kabla ya kuondoa mkupuo, ile sehemu inayolipwa mara moja unapostaafu. Ila mshahara huo umeganda pale ulipoacha kazi. Ukisubiri hadi 60 na mfumuko ukiwa asilimia 4, Sh8.9 milioni hiyo inanunua vitu vya Sh6 milioni. Ichukulie hiyo kama nyongeza ya uzeeni, si nguzo ya miaka ya 50.

Bima ya afya husahaulika. Mwajiriwa aliye NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kwa mchango wa asilimia 6, nusu yake ikitoka kwa mwajiri, anabeba mwenza na wategemezi hadi wanne. Ukiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu mchango unakatika na kadi za watoto pia, kwa hiyo gharama ya bima ya kujilipia lazima iwe ndani ya zile Sh960,000 kabla hujazidisha.

Mwisho, weka mstari wa mtoto wa ndugu. Katika familia zetu upo hata kama hujauandika, na ukiacha kazi ukiwa na akiba inayojulikana, simu zinaongezeka. Amua kiasi cha mwaka mzima, kiweke kwenye akaunti ile ya ada, na kikiisha Agosti kimeisha. Kisha kila Desemba, shule ikitoa ada mpya, rudia hesabu ukianzia na kitinda mimba.