Konokono wa mwambani hajaganda, ana kwake

Maji yakikupwa utamkuta juu ya jiwe, gamba limechongoka kama kawa la kufunikia chakula. Kesho ukirudi, yupo palepale. Kwa hiyo wengi husema kiumbe huyu kaganda hapo tangu utotoni, kama chaza.

Si kweli. Ana mguu mpana na anatembea. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliandika hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: hubanduka akaenda kutafuta chakula. Yule wa pwani za Uingereza, Patella vulgata, penginepo hutoka maji yakijaa, penginepo hungoja usiku wakati maji yametoka. Hukwangua mwani mwembamba kwa ulimi wenye safu za meno yaliyotiwa goethaiti, madini ya chuma. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walitangaza kuwa meno hayo ni imara kuliko uzi wa buibui. Akishiba, anarudi.

Anarudi wapi? Hapa ndipo watu hukosea zaidi, wakidhani hushika popote. La! Wengi wao hurudi kwenye kovu lao, yaani alama ya duara waliyoizoea juu ya jiwe, na hujigeuza mpaka wakae upande uleule wa jana. Kwenye jiwe gumu, ukingo wa gamba hukua ukifuata kila kibonde na kinundu. Kwenye jiwe laini, jiwe ndilo linalolika. Mwisho wake vinaoana kama sufuria na kifuniko chake. Jua likiwaka, unyevu unabaki ndani, na kaa hapati upenyo wa kumng'oa.

Njia haioni kwa macho, maana macho yake hutambua mwanga na kivuli tu. Hufuata ute alioupaka mwenyewe wakati wa kwenda. Lakini ute si siri yote, kwani wapo wanaorudi kwa njia ambayo hawakuipita, na hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko yote.

Kuna pia wanaodhani kumbandua na kumweka jiwe jingine hakumdhuru. Kunamdhuru sana. Gamba lake halitalingana na jiwe hilo. Maji yatavuja, na jua litamkausha kabla bahari haijarudi. Mtoto akishambandua, tafuteni lile duara jirani lenye umbo la gamba lake, mmweke hapo hapo, mmgeuze taratibu mpaka ukingo ukae.