Chaza aliyefumba si lazima awe mzima

Maji yakipwa Ghuba ya Mikindani siku za bamvua, akina mama huingia mikokoni na ndoo na panga butu, wakibandua chaza kwenye mizizi. Aliyefumba barabara anatiwa ndooni, aliyeachama anatupwa. Kanuni nzuri, ila inajibu swali moja tu: yu hai au kafa. Kama kinga yake dhidi ya vijidudu ni nzima, haisemi.

Dhana: chaza hana damu, hivyo hana kinga.
Damu anayo, nyepesi na isiyo nyekundu. (Kombe wengine ukiwapasua hutoa maji mekundu, hiyo ni damu hasa, si uchafu.) Ndani yake zinaelea chembe ziitwazo hemosaiti, ambazo humzingira bakteria, hummeza na kumsaga. Chaza hatengenezi kingamwili kama sisi, kwa hiyo mzigo mkubwa wa ulinzi umeziangukia chembe hizo.

Dhana: maji yangekuwa na sumu, chaza angekufa.
Hili ndilo linalowapoteza wengi. Rangi inayopakwa matumbo ya vyombo vya baharini ili viumbe visigande mara nyingi ina shaba, na mashine nazo humwaga mafuta. Kiasi kidogo hakimuui chaza. Lakini hemosaiti ina vifuko vya vimeng'enya vya kusagia kilichomezwa, na sumu hulegeza ngozi ya vifuko hivyo. Vimeng'enya vikimwagika, chembe huanza kujisaga yenyewe. Watafiti huzitia chembe rangi nyekundu, kisha wanaangalia saa. Katika chembe nzima rangi hukaa vifukoni muda mrefu; katika chembe za chaza wa maji machafu huvuja mapema. Kwa nje kafumba vilevile. Akija bakteria ambaye zamani angemezwa, sasa hakuna wa kummeza.

Dhana: chembe zikiongezeka, kinga imepanda.
Sumu yenyewe huweza kupandisha idadi. Nyumba ikiungua watu hujaa uani, wenye ndoo wawili. Kipimo cha maana ni zinameza kiasi gani.

Dhana: bahari ni kubwa, inajisafisha.
Kubwa, ndiyo, ila chaza amejibandika palepale mfereji unapotokea, na huchuja lita kadhaa kwa saa.

Dhana: ukichemsha sana, yote yanaisha.
Bakteria wengi hufa. Lakini sumu kama kadimiamu ni metali. Chemsha hadi magharibi, itabaki nyamani au itahamia kwenye supu.