Je, wajua kwa nini wanakemia huhesabu kwa moli?

Soko la Majengo hapa Dodoma hakuna anayekuhesabia punje za mtama. Muuzaji anachota kisado, anapangusa juu kwa kiganja, anamimina mfukoni mwako, mmemalizana.

Mwanakemia naye ana kisado chake: moli. Ila cha kwake hakipimi ujazo, kinahesabu. Moli moja ya kitu chochote ina chembe 602,214,076,000,000,000,000,000, na idadi hiyo imepewa jina la Mtaliano Amedeo Avogadro, ambaye (maskini) alifariki 1856 bila kuijua. Moli ya punje za mtama ingeifunika Tanzania nzima, Kilimanjaro na mita zake 5,895 isionekane. Moli ya maji? Gramu 18. Funda moja tu, imekwisha.

Sasa kwa nini asipime kwa gramu kama sisi? Twende Hombolo, kwenye zabibu. Juisi inapogeuka mvinyo, hamira huvunja kila molekuli ya glukosi (sukari iliyomo kwenye zabibu) ikatoa molekuli mbili za alkoholi na mbili za hewa ukaa. Hapo zinazopatana ni idadi, uzito haukuulizwa. Ukiandika kwa gramu unapata 180 za glukosi, 92 za alkoholi, 88 za hewa ukaa: namba zisizokuambia kitu. Kwa moli ni moja, mbili, mbili. Ndiyo maana mtengeneza mvinyo akishapima sukari ya zabibu zake, anajua mapema kwamba alkoholi haitazidi sana nusu ya uzito wa sukari ile. Karibu nusu nyingine inapaa na mapovu.

Na hizo chembe anazihesabuje? Hazihesabu, anazipima kwenye mizani kama muuza mchele. Uzito wa atomi ulioandikwa kwenye jedwali la elementi, ukiusoma kwa gramu, ndio moli moja: chuma gramu 56, alumini ya sufuria gramu 27, na atomi ni idadi ile ile.

Zamani kipimo chenyewe kilitegemea mizani: moli ilikuwa idadi ya atomi zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12 (aina mojawapo ya kaboni), na idadi hiyo ilibidi itafutwe maabara. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba ile ndefu ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo, haibadiliki, na sasa ni zile gramu 12 za kaboni zinazotafutwa maabara.