Kwa nini mtoto wa karate hujengwa kujiamini kwa kupiga hewa?

Wazazi wengi wa Mombasa wanaowapeleka watoto karate hutarajia kwamba mtoto atajiamini pindi atakapojua kumpiga mwenzake. Dhana hiyo haipatani na yanayofanyika ukumbini, ambako mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, hupiga hewa kwa ngumi ileile jioni nzima, joto la kaskazi likimlowesha, na siku anaporuhusiwa kukabiliana na mwenzake hutakiwa kuizuia ngumi isimuumize. Hata mashindanoni, anayempiga mpinzani kwa nguvu kupita kiasi huadhibiwa badala ya kupewa pointi. Kama lengo lingekuwa ubabe, utaratibu huu ungekuwa wa ajabu sana.

Mkanda nao hupewa sifa zisizo zake. Karate iliuazima kutoka judo, na mwalimu wa karate Funakoshi Gichin alitoa mikanda myeusi ya kwanza mwaka 1924, ilhali mbinu zenyewe zilikuwa zimefundishwa Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, kwa muda mrefu bila mikanda. Isitoshe, mkanda mweusi wa daraja la kwanza huonyesha kwamba mwanafunzi ameshika misingi tu, habari ambayo huwashtua wazazi waliokwisha kuandaa sherehe ya kuhitimu.

Kinachofanya kazi ni kata, yaani mfuatano wa hatua, kinga na mapigo usiobadilika. Itosu Anko, aliyeingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri, huko Okinawa, mwaka 1901, alitunga kata tano za Pinan kwa ajili ya wanafunzi. Mojawapo, inayoitwa Heian Shodan katika Shotokan, mtindo wa karate uliotokana na Funakoshi, ndiyo ambayo wanafunzi wengi wa mtindo huo huanza nayo, na ina miondoko 21.

Faida ya kuirudia huonekana vizuri ukimtazama mtoto wa chuoni anayejifunza kusoma Kurani. Anayeanza kuhijai hushughulishwa na kila herufi na kila irabu hata asijue amefika wapi katika aya. Baada ya miezi kadhaa maneno humjia mazima, na hapo ndipo sikio lake hupata nafasi ya kugundua kwamba amevuta sauti mahali pasipovutwa, kabla mwalimu hajamrekebisha. Ndivyo ilivyo kwa kata: uangalifu wa mtoto ni mchache, na miguu ikishajua njia, uangalifu huo huhamia kwenye nyonga, pumzi na macho. Mtoto huanza kulitambua kosa lake kabla sensei, yaani mwalimu wake wa karate, hajafungua kinywa, na kujitegemea kwake huanzia hapo. Kujiamini hufuata, kwani, kama alivyoeleza mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977, chanzo chake chenye nguvu zaidi ni mtu kufaulu mwenyewe katika jambo, kuliko kutiwa moyo kwa maneno.

Ushahidi wa moja kwa moja, hata hivyo, si mwingi. Utafiti wa Lakes na Hoyt wa mwaka 2004, uliofanywa katika shule moja nchini Marekani, ulikuta kwamba watoto waliojifunza sanaa ya mapigano waliboresha uwezo wa kujidhibiti kuliko wenzao wa mazoezi ya kawaida ya viungo, ila walifundishwa taekwondo, sanaa ya mapigano ya Korea, si karate. Mtafiti Trulson, mwaka 1986, alilinganisha vijana wakorofi: waliofundishwa taekwondo pamoja na nidhamu na tafakuri walitulia, na waliofundishwa mapigano matupu wakazidi ukorofi. Makundi yake yalikuwa madogo, na vijana wale si watoto wa miaka saba; lakini kwa mzazi anayechagua ukumbi, namna sensei anavyofundisha ina uzito kuliko vikombe vilivyopangwa kabatini.