Dawa ya mende, paka na mbwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Harufu ikiisha, sumu imeisha." Dhana hii imeponza paka wengi. Watu hupiga dawa, hufunga nyumba, hurudi jioni, wakinusa wasisikie kitu humfungulia paka. Kumbe harufu mara nyingi ni ya mafuta au manukato yaliyochanganywa na dawa. Sumu yenyewe hubaki sakafuni na pembeni mwa kuta, na imetengenezwa makusudi ibaki ili mende wa kesho aikanyage. Paka naye hupita hapohapo, akajilaza chini ya meza na kuanza kujilamba: unyayo, vidole, hadi katikati ya vidole. Kilichokuwa sakafuni sasa kiko tumboni. Basi acha kupima kwa pua. Je, sakafu imekauka kabisa? Madirisha yamefunguliwa? Bakuli na matandiko yake vilitolewa kabla ya kupuliza?

"Dawa ya viroboto ya mbwa, paka mpunguzie tu." Hapa sina utani. Dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, na ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Kiasi kidogo chaweza kumtia mtetemeko, degedege, hata kumuua. Si lazima apakwe yeye; kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda si mrefu kwatosha. Ikitokea, mwogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, umkaushe, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimtapishe.

Wapo wanaojibu: basi tutumie vya asili, havina madhara. Si kweli. Permethrini yenyewe imeigwa kutoka sumu ya maua ya pareto, yanayolimwa Njombe na Nakuru. Mafuta ya karafuu, tunayoyasifu sana Pwani, ni hatari kwa paka. Kitunguu saumu anacholishwa mbwa "ili kupe wamkimbie" huharibu chembe nyekundu za damu yake. Na kumpaka mafuta ya taa ni kumuunguza ngozi, halafu akijilamba yanaweza kuingia mapafuni.

Dawa ya josho la ng'ombe nayo hukorogwa kwa kukadiria na kumwagiwa mbwa. Usifanye hivyo bila kipimo cha daktari. Yenye amitrazi, sumu ya kuua kupe, isimguse paka kabisa.

"Mbwa kaogeshwa, viroboto wamekwisha." Wamekwisha mgongoni mwake, labda. Mayai yalishadondoka kwenye mkeka, kochi na nyufa za sakafu, na kiroboto aliyejifungia ndani ya kifuko chake anaweza kusubiri kwa miezi bila dawa ya kupuliza kumfikia. Fua matandiko kwa maji ya moto, yaanike juani, fagia chini ya kochi mara kwa mara na utupe takataka nje. Ni kazi ya wiki kadhaa, haina njia ya mkato.

Kwa mende, dawa ya jeli kwenye bawaba za kabati na nyuma ya friji ni afadhali kuliko kupuliza nyumba nzima. Asidi ya boriki nayo hufanya kazi, polepole, mradi iingizwe kwenye nyufa. Ukiichanganya na sukari ukaiacha wazi kwenye kifuniko cha soda, mbwa ataanza kuilamba kabla ya mende. Kama una samaki, funika tangi na uzime pampu ya hewa kabla ya kupuliza chochote, maana dawa za jamii ya pareto huwaua upesi.

Dhana ya mwisho ni ile ya mitaani: dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ni "ileile ya dukani, bei tu ndiyo tofauti". Huenda ni ya shambani, huenda ni mchanganyiko wa dawa mbalimbali. Mnyama akizidiwa, daktari hutaka kwanza jina la dawa, kwa sababu tiba ya sumu moja si tiba ya nyingine. Nunua yenye lebo, na siku ya dharura beba na chupa.