Mbunge analipa SHA, lakini hatibiwi kwa SHA

Hapa Lamu, tangu ije SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, hakuna swali ninaloulizwa kama hili: "Hawa wabunge waliopitisha SHA, na wao wanalipa?" Mwulizaji mara nyingi ameshajijibu moyoni. Kazi yangu ni madai ya bima. Natayarisha klemu za hospitali na kuzifuatilia mpaka zilipwe, kwa hiyo nashinda na sheria hii kutwa. Jibu ni ndiyo, wanalipa, tena si haba.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini na Rais Ruto tarehe 19 Oktoba 2023, na SHA ikaanza kazi badala ya bima ya taifa ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, wala hakuna kikomo cha juu. Enzi za NHIF, anayepokea laki moja na anayepokea milioni walikatwa sawasawa, shilingi 1,700. Sasa mbunge, kwa kiwango cha mshahara cha Julai 2023 cha shilingi 725,502, anatoa karibu 19,950 kila mwezi. Anayesema wabunge wamejitoa kwenye sheria yao anakosea. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hoja ikisimama juu ya uongo huangushwa mara moja, na hoja hii sitaki ianguke.

Tatizo liko kwingine. Mbunge akiugua, au akiugua mwenzi wake au mtoto wake, hatumii SHA. Ana kadi nyingine. Viwango vya Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, vinampa bima ya shilingi milioni 10 kwa kulazwa, 300,000 kwa matibabu ya kwenda na kurudi, 150,000 kwa uzazi, 75,000 kwa meno na 75,000 kwa macho. Kadi hiyo inamfunika yeye, mwenzi mmoja na watoto hadi wanne. Inalipwa kwa kodi, ikiwemo ya muuza samaki wa hapa sokoni.

Sasa tazama mafao ya SHA, kwa viwango vya mwaka 2025. Kujifungua kwa kawaida, 10,000. Kwa upasuaji, 30,000. Kulazwa katika hospitali ya Ngazi ya 4, 3,360 kwa siku. Saratani, 400,000 kwa mwaka, na zikiisha, mfuko wa dharura na magonjwa sugu unaongeza 150,000. Hizo ni za kaya nzima, si za mtu mmoja. Mgonjwa wa saratani kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, huenda kutibiwa Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Boti mpaka Mokowe, nauli ya basi, mahali pa kulala yeye na anayemuuguza: yote hayo anajitafutia.

Sisemi kwamba tukiwanyang'anya wabunge kadi zao mfuko utajaa. Bunge la Taifa na Seneti kwa pamoja ni watu 416 ukiwaacha maspika, na michango yao wanaitoa tayari. Ninachokitaka kwao ni macho yao. Mtunga sheria asiyetibiwa kwa mfumo alioupitisha hupata habari zake kwa ripoti tu, na katika ripoti hakuna mgonjwa aliyekaa kwenye benchi akingoja.

Nieleze basi kinachotokea kwenye dirisha langu. Mgonjwa anayehitaji upasuaji au kipimo kikubwa hapelekwi ndani hivi hivi. Kwanza aonekane amesajiliwa. Mchango wa kaya yake uonekane umelipwa. Athibitishwe kuwa ndiye, kwa alama ya kidole au, panaporuhusiwa, kwa namba inayotumwa kwenye simu. Daktari ajaze ombi la idhini. Halafu tungoje jibu. Hatua moja ikikwama, zote zimekwama, hata kama mchango ulilipwa mwaka mzima.

Majuzi aliletwa bibi mmoja kutoka upande wa Faza, kisiwani Pate, na wanawe wawili. Mchango umelipwa, kila kitu sawa. Mashine ikakataa kidole chake, maana vidole vya mtu aliyesuka makuti maisha yake yote huwa laini, mistari imefutika. Tulijaribu cha kulia, cha kushoto, tukavipangusa kwa kitambaa, tukajaribu tena. Namba ya simu nayo ilikuwa inakwenda kwa mwanawe wa tatu, aliyemsajili, na huyo alikuwa baharini asikopatikana. Huku nahodha anapiga simu kila baada ya muda: maji yanatoka, tukichelewa Mkanda, mlango wa bahari tunaopita, hautapitika, tutalala Amu. "Mwanangu," bibi akaniambia, "mimi si nilishalipa?" Alikuwa amelipa. Wanawe wakatoka, wakarudi na pesa taslimu walizokopa mjini, akapimwa.

Mwenye kadi ya milioni 10 hayajui haya, wala simlaumu kwa kutoyajua. Angeyajua kama mama yake mwenyewe angekaa kwenye benchi lile.

Ila kuna sehemu ambayo hata tukiwaingiza wabunge wote hawataiona, na lazima niiseme. Mwenye mshahara hukatwa juu kwa juu. Asiye na mshahara ndiye anayejibu maswali ya kupima uwezo: nyumba ina kuta za nini, paa la nini, choo cha aina gani. Majibu hayo ndiyo yanayopanga alipe kiasi gani, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na akilipe cha mwaka mzima kwa mkupuo. Mjane wa hapa mjini anayeuza mahamri anajibu "mawe", kwa kuwa anaishi katika nyumba ya mawe na chokaa ya babu zake, katika mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Jibu la "mawe" halielezi kwamba nyumba ni ya mirathi, ina wenyewe wengi, na paa linavuja. Na mvuvi wa dau dogo, kusi inapovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, siku nyingine hatoki kabisa. NHIF alikuwa akiilipa shilingi 500 kwa mwezi, mwezi kwa mwezi. Baadaye ukaletwa mpango wa kukopeshwa mchango na kuulipa pole pole, nao umesaidia, lakini mkopo ni deni. Mambo kama haya ndiyo yangesikika mapema kama wananchi wangeulizwa vizuri. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hii Julai 2024, na ushirikishwaji hafifu wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu. Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyoruhusu mfumo uendelee.

Marekani walishajaribu kuwafunga wabunge kwa sheria yao wenyewe. Sheria ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilibeba kifungu, kilichosukumwa na Seneta Chuck Grassley, kinachowataka wabunge na wafanyakazi wa ofisi zao wapate bima kupitia masoko yaleyale yaliyoanzishwa na sheria hiyo, badala ya mpango wa watumishi wa serikali waliouzoea. Kifungu kilisema watanunua wapi. Nani atachangia gharama, hakikusema wazi. Mwaka 2013 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ikaamua kwamba mwajiri ataendelea kuwachangia, wakanunua katika soko la Washington upande wa biashara ndogo ndogo. Mwajiri kuchangia bima si dhambi, waajiri wengi hufanya hivyo. Lakini kwa kuwa sheria ilinyamaza, wananchi wengi waliona wamechezewa shere. Sisi tuandike kila kitu waziwazi.

Ninalopendekeza ni hili. Kwa kila afisa wa serikali na familia yake, SHA iwe ya kwanza. Aende hospitali iliyosajiliwa na SHA, athibitishwe kama wengine, aombewe idhini kama wengine, na kadi ya ziada isiguswe mpaka fao la SHA kwa ugonjwa huo liishe au lisiwepo. Simpunguzii mtu matibabu. Kama ana saratani, fao la SHA likiisha, atumie milioni zake. Lakini apite kwanza anapopita mpiga kura wake. Na isianzishwe foleni ya waheshimiwa, kwa maana hiyo ndiyo hila itakayojaribiwa kwanza. Mfumo usionyeshe cheo cha mgonjwa kwa anayetoa idhini.

Kuna wanaoniambia mbunge ana kazi nyingi, hawezi kungoja idhini. Mwalimu naye ana darasa. Desemba 2025 walimu waliondolewa kwenye bima yao ya zamani wakawekwa chini ya SHA, na hakuna aliyeambiwa kwamba kazi zake ni nyingi mno.

Hili halihitaji sheria mpya. Ibara ya 230 ya Katiba inaipa SRC mamlaka ya kupanga mishahara na marupurupu ya maafisa wa serikali, wabunge wakiwemo, na bima ni miongoni mwa marupurupu hayo. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2017 na mwaka 2022 tume ilitangaza viwango vya wabunge wapya katika Gazeti Rasmi karibu na uchaguzi. Maoni yangu nimeshayaandika, pamoja na mtiririko mzima wa hatua za idhini kama zilivyo kwenye dirisha langu. Nayapeleka kwa tume kabla ya viwango vipya kupangwa, na yeyote wa Amu, Pate au Mpeketoni anayetaka kuongeza yake kwenye barua hiyo aniandikie hapa chini.