Je, wajua kwa nini Wakristo wengine husema kesho iko wazi hata mbele za Mungu?

Mfalme Hezekia alikuwa kitandani, mgonjwa wa kufa, nabii Isaya alipoingia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu hatapona. Hezekia akageuza uso kuelekea ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya hajafika mbali, neno la Bwana likamjia tena: rudi ukamwambie nimeyasikia maombi yake, nimeyaona machozi yake, nami nitamwongezea miaka 15. Habari hii iko katika 2 Wafalme sura ya 20.

Je, Mungu alipomtuma Isaya mara ya kwanza, alikuwa anajua tayari kwamba Hezekia ataomba na kwamba atapewa miaka 15? Kama alijua, ujumbe ule wa kwanza ulikuwa wa nini? Na kama maombi yale yaligeuza jambo kwelikweli, tunamsemaje Mungu aliyesema hili, akasikia kilio, kisha akasema lile?

Kundi la wanatheolojia wa nyakati zetu limeamua kuyachukua maswali haya bila kuyazunguka. Mafundisho yao huitwa theolojia ya uwazi na uhusiano. Uwazi, kwa sababu wanasema wakati ujao haujafungwa. Uhusiano, kwa sababu wanasema Mungu hatoi tu. Anapokea pia, anaguswa, anaitikia. Ni mafundisho yaliyowaletea wengine faraja kubwa, na yaliyowagharimu wengine ajira na heshima.

Ili kuona uzito wake, lazima kwanza tulitendee haki jibu la zamani. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeandika akiwa kifungoni akingoja kuuawa, karibu mwaka 524, alisema kwamba Mungu yuko nje ya wakati. Kwake hakuna jana wala kesho. Yote yapo mbele yake kwa pamoja. Karne ya 13 mwanatheolojia Thomas Aquinas alilieleza hilo kwa mfano wa mtu aliye juu ya kilima: msafiri aliye barabarani hawaoni wanaokuja nyuma yake, lakini aliye juu anawaona wote kwa mtazamo mmoja. Jibu hili ni zuri, na limewatosha waumini wengi wenye akili kubwa. Pamoja nalo yalikwenda mafundisho mengine mawili: kwamba Mungu habadiliki kabisa, na kwamba hakuna kinachoweza kumtia maumivu. Mahali ambapo Biblia inasema Mungu alighairi au alihuzunika, kama Mwanzo 6:6 kabla ya gharika, walimu hao walisema Mungu anajishusha tu, anatumia lugha tunayoiweza.

Sasa fikiria hivi. Tuseme Mungu amejua tangu milele kwamba kesho saa nne asubuhi utamsamehe mtu aliyekukosea. Mungu hawezi kukosea. Kesho saa nne itakapofika, je, utakuwa na uwezo wa kukataa kusamehe? Ukikataa, utakuwa umeufanya ujuzi wa Mungu kuwa wa uongo, jambo lisilowezekana. Usipoweza kukataa, huo msamaha ni wako kwa maana gani?

Wengi hujibu haraka: kujua si kusababisha. Ni kweli, na wanatheolojia wa uwazi hawabishi. Hawasemi kwamba ujuzi wa Mungu ndio unaokusukuma. Wanasema kwamba jambo likiweza kujulikana kwa hakika isiyo na nafasi ya kwenda kinyume, basi limekwisha kuwa jambo lililotimia, kwa sababu yoyote ile iliyolitimiza. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliligusa fumbo hili karne nne kabla ya Kristo alipouliza kama sentensi "kesho kutapiganwa vita baharini" ni ya kweli au ya uongo leo hii, kabla merikebu hazijakutana.

Hapa ndipo kiini cha mafundisho haya kilipo, na ndipo yanapoeleweka vibaya mara nyingi. Watu husikia kwamba "Mungu hajui yote", wakafunga masikio. Lakini hawa ndugu wanakiri kwamba Mungu anajua yote. Anajua kila kilichokuwa, kila kilichopo hadi siri ya moyo, na kila kinachowezekana pamoja na uzito wa uwezekano wake. Wanachokana ni kwamba matendo huru ya kesho yamekwisha kuwa kitu kinachoweza kujulikana kwa hakika. Kwao, Mungu anaujua wakati ujao jinsi ulivyo hasa: sehemu yake imeamuliwa, sehemu yake bado ni njia nyingi zilizo wazi. Ubishi basi hauhusu ukubwa wa akili ya Mungu. Unahusu aina ya ulimwengu alioamua kuumba.

Fikra yenyewe si ya jana. Lorenzo McCabe, mwalimu Mmethodisti wa Marekani, aliitetea kwa vitabu viwili kabla ya mwisho wa karne ya 19. Lakini jina la uwazi lilianza na Richard Rice, mwanatheolojia Mwadventista, aliyetoa kitabu chake kuhusu uwazi wa Mungu mwaka 1980. Mwaka 1994 yeye na wenzake wanne, Clark Pinnock, John Sanders, William Hasker na David Basinger, wakaandika kitabu cha pamoja, na moto ukawaka katika makanisa ya kiinjili ya Amerika Kaskazini.

Kuna kisa kimoja cha Biblia kinachopendwa na pande zinazopingana, nacho kinastahili kusomwa polepole. Katika 1 Samweli 23, Daudi yuko Keila, mji aliouokoa mikononi mwa Wafilisti. Anamuuliza Mungu: je, Sauli atashuka? Mungu anasema, atashuka. Je, watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Mungu anasema, watakutia. Daudi anaondoka, Sauli anapata habari, anaacha kuja, na hakuna aliyemkabidhi mtu kwa mtu. Yote mawili aliyoyasema Mungu hayakutokea!

Luis de Molina, Myesuiti wa Hispania, mwaka 1588 alitoa kitabu kinachofundisha kwamba Mungu anajua kile ambacho kila mtu angefanya katika kila hali, hata hali zisizotokea kamwe. Wafuasi wake husema Keila ni ushahidi: Mungu alijua ambacho kingetokea kama Daudi angebaki. Wanatheolojia wa uwazi husoma mistari ile ile na kusema: Mungu aliijua mioyo ya watu wa Keila saa ile, akaona wanakoelekea, akamwonya rafiki yake, na onyo likabadilisha njia. Nimezisoma hoja za pande zote mbili na naona kila moja inasimama. Ila usomaji wa pili unafanana zaidi na mazungumzo, na sura yote ile ni mazungumzo.

Si wote walio chini ya jina hili wanaoamini jambo moja. Tawi moja limetoka kwa Alfred North Whitehead, mwanahisabati Mwingereza aliyehamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924, ambaye mihadhara yake ya Edinburgh ilichapishwa mwaka 1929. Whitehead alifundisha kwamba kila kilichopo kinaundwa na mahusiano yake na vingine, naye Mungu hakutolewa nje ya kanuni hiyo. Mungu huvuta kila kiumbe kuelekea lililo jema, hamlazimishi yeyote. Kwa maneno yake, Mungu ni mwenzi mkuu anayeteseka pamoja nasi na kuelewa. Mwanafalsafa wa Marekani Charles Hartshorne aliiendeleza hoja hiyo, na John Cobb, aliyezaliwa Kobe, Japani, kwa wazazi wamisionari, akaipeleka kanisani. Mwaka 1973 yeye na David Ray Griffin walianzisha kituo cha kuisoma huko Claremont, California. Hii huitwa theolojia ya mchakato.

Tofauti kati ya tawi hilo na akina Pinnock ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mbali. Pinnock anasema Mungu angeweza kuamuru kila kitu, lakini kwa upendo alichagua kujizuia ili viumbe wawe huru kweli. Akitaka, anaingilia kati. Wa mchakato wanasema kulazimisha hakumo kabisa katika asili ya Mungu. Mwanatheolojia Thomas Jay Oord, katika kitabu chake cha mwaka 2015, amesimama karibu na katikati: upendo ndio wa kwanza katika asili ya Mungu, na upendo hautawali kwa nguvu, kwa hiyo Mungu hawezi kuzuia uovu peke yake bila ushirikiano wa viumbe.

Sentensi hiyo ya Oord ni ngumu kumeza kwa mtu aliyekua akiimba habari za Mwenyezi. Lakini tuone inakotoka. Inatoka kwenye vitanda vya wagonjwa na kwenye makaburi. Sanders mwenyewe amesimulia jinsi ndugu yake alivyofariki katika ajali ya pikipiki, na jinsi kifo hicho kilivyomwachia swali la iwapo Mungu ndiye aliyekipanga. Mjerumani Jürgen Moltmann, ambaye hakuwa wa kundi hili ingawa mawazo yake yamelilisha, alikuwa na miaka 17 Hamburg ilipoteketezwa kwa mabomu mwezi Julai 1943, na rafiki yake akauawa kando yake. Aliishi miaka kadhaa kama mfungwa wa vita. Mwaka 1972 akaandika kitabu chake kuhusu Mungu aliyesulubiwa, akisema kwamba msalabani Mungu mwenyewe aliingia katika mateso. Mjapani Kazoh Kitamori alikuwa amekwisha kuandika juu ya uchungu wa Mungu mwaka 1946, nchi yake ikiwa majivu.

Kwa mama aliyempoteza mtoto, tofauti kati ya "Mungu alipanga" na "Mungu analia nawe" si ubishi wa darasani. Naamini wengi wetu tumewahi kutamka ile ya kwanza msibani kwa nia njema, bila kufikiri inavyopokelewa. Hata hivyo jibu la Oord lina gharama yake, na haifai kuificha: anayeambiwa kwamba Mungu hakuweza kuzuia anaondolewa hasira kwa Mungu, lakini anaweza kuondolewa pia tumaini kwamba Mungu ataokoa kesho. Pinnock ana tatizo la upande wa pili. Kama Mungu anaweza kuingilia na mara nyingine huingilia, kwa nini siku ile hakuingilia?

Upinzani ulikuja mkali. Chama cha wanatheolojia wa kiinjili cha Marekani kilipitisha mwaka 2001 tamko kwamba Mungu anajua kikamilifu yote yajayo, yakiwemo maamuzi huru ya watu. Mwaka 2003 wanachama wake walipiga kura kama Pinnock na Sanders wafukuzwe. Ilihitajika theluthi mbili. Pinnock alibaki bila shida kubwa. Kwa Sanders, waliotaka aondoke walizidi nusu, ila theluthi mbili hazikufika.

Wapinzani hao wana maandiko mazito. Isaya 46:10 inamtaja Mungu atangazaye mwisho tangu mwanzo. Zaburi 139 inasema siku za mtu ziliandikwa kabla hazijawa. Katika 1 Samweli 15 kwenyewe, Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli, na mistari michache baadaye Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute, kisha sura inafunga kwa kusema Bwana alijuta. Kila upande huchagua mstari wa kuufanya ufunguo wa mwingine. Gumu kuliko yote kwangu ni Petro. Yesu alimwambia atamkana mara tatu kabla jogoo hajawika. Gregory Boyd, mchungaji na mwandishi wa upande wa uwazi, hujibu kwamba Mungu aliijua tabia ya Petro kwa undani na akaongoza mazingira ya usiku ule. Kwa kukana kwenyewe, sawa. Kwa mara tatu, kabla ya jogoo, jibu hilo naliona jembamba, na sijapata lililo nene zaidi kutoka upande huo.

Ila wapinzani nao wana deni, na deni hilo linahusu maombi. Ikiwa kila jambo limekwisha kujulikana hadi nukta ya mwisho, kumwombea mgonjwa kunafanya nini? Jibu la kawaida ni kwamba maombi humbadilisha mwombaji, au kwamba Mungu alipanga tangu mwanzo kutenda kupitia maombi hayo. Mtu anaweza kuishi vizuri na majibu hayo. Mafundisho ya uwazi yanasema zaidi: ombi ni jambo jipya lililoingia ulimwenguni saa ile, na Mungu analihesabu katika kuamua atakachofanya. Wa mchakato wanaongeza kwamba ombi lenyewe hufungua njia ambayo Mungu hakuwa nayo dakika moja kabla, kwa sababu sasa yupo mtu aliyekubali kutumiwa. Ndiyo maana katika mahubiri ya watu hawa husikii sana maneno "kama ni mapenzi yako" yakitumika kama kifuniko cha ombi. Wanamhimiza mwombaji aseme anachotaka hasa, kwa jina na kwa sauti, kisha ainuke akafanye sehemu yake siku hiyo hiyo.